Paa la Jiko

Ukame ule ulipokaza, baba aliwaswaga ng'ombe wetu hadi kwa mjomba, upande wa Mitundu, ambako majani yalikuwa bado yapo. Mmoja tu alibaki: ng'ombe mwekundu wa mama, mwenye mimba kubwa. Safari ile asingeiweza.

Haikupita muda akalala chini, kuamka hawezi. Kwetu ng'ombe aliyeangushwa na njaa huinuliwa na wanaume: gunia chini ya tumbo, mmoja mkiani, wengine ubavuni. Akiachwa amelala, ndiyo basi tena. Sasa wanaume tungewatoa wapi, nao wote wamefuata malisho? Tukaitana wanawake. Weee, tuliinua! Kila asubuhi, kanga zimekazwa viunoni, tunataniana na kufokeana, mpaka anasimama. Jioni anaanguka tena.

Mchinjaji wa kijijini hakukosa kupita.

"Shikamoo mama. Si uniuzie angali anapumua?"

"Marahaba. Akifa nitamzika mwenyewe. Haya, nenda zako."

Lakini kumwinua bila kumlisha ni kazi bure, na mabua ya mtama yalikuwa yamekwisha. Siku moja nikasikia vishindo nje. Kutoka, namwona mama juu ya jiko, anang'oa paa! Alichukua nyasi za juu, zisizoshika masizi, akazikung'uta, akazinyunyizia maji ya chumvi, akamlisha ng'ombe kwa mkono.

"Mama! Unalisha nyumba?" nikafoka. Niliona aibu, nasema kweli. Jiko lisilo na paa, majirani watasema tumeshindwa maisha.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," akanijibu bila kugeuka. "Paa litaezekwa. Huyu nikimkosa, wadogo zako watakunywa maziwa ya nani?"

Nikapanda kumsaidia. Tulilila paa lile kidogo kidogo, yeye na mimi tuking'oa, ng'ombe akitafuna.

Halafu asubuhi moja tukaja na gunia letu, tukakuta zizi tupu. Nikamlaani mchinjaji papo hapo. Kumbe nimemwonea. Ng'ombe alikuwa nyuma ya jiko, amesimama kwa miguu yake, shingo ameinyoosha, anavuta nyasi za mwisho ukingoni mwa paa.

Mama aliketi mavumbini akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia. Kisha akajifuta kwa kanga, akatugeukia kwa ukali.

"Mnashangaa nini? Mpisheni amalizie."