Jina la Papa Kikapuni

Kila mwezi wa kumi na moja, kwenye misa ya marehemu, parokia yetu hapa Kalemie huweka kikapu mbele ya altare. Kila familia hutumbukiza karatasi yenye majina ya wafu wake, na msomaji huyasoma yote, hata yakimaliza saa nzima. Kwa miaka saba karatasi ya Mama ilikuwa na jina moja tu, la mdogo wangu wa mwisho. La Papa, baba yetu, Mama alikataa liandikwe.

Papa alikuwa katekista katika kijiji kimoja nyuma ya Nyunzu. Alikuwa na sheria yake: alipoita majina ya wanafunzi wa ubatizo, mgonjwa hakuhesabiwa kwamba hayupo. Jirani alimjibia, "Yuko!" kwa sababu, alisema Papa, anayeombewa yuko pamoja nasi. Mama alikaa benchi la mwisho, na ndiye aliyewajibia wagonjwa wengi.

Vita vilipofika tulikimbia asubuhi na mapema. Tulikuwa tumekwisha kuvuka mto, Papa alipokumbuka kwamba kitabu cha ubatizo kimebaki kanisani. Mama akamshika shati.

"Majina ya bantu ba kijiji itaungua bure?" akasema Papa. "Muendelee, nitabafikia."

Hakutufikia. Kilichofika ni kitabu. Baada ya wiki tatu msukuma baiskeli mmoja alikileta kambini Kalemie, kimefungwa ndani ya shati lile lile, lenye damu iliyokauka. Alikiokota njiani; Papa mwenyewe hakumwona.

Nilimchukia Papa, sifichi. Mtu mwenye mke na watoto anarudi kwa ajili ya makaratasi! Mdogo wangu alikufa kambini kwa kuhara, na jina lake limo katika kitabu kile, kwa mwandiko mzuri kabisa. Lilimsaidia nini?

Mwaka wa nane nilichoka. Watu walikuwa wakisema Mama anamngojea maiti arudi. Nikaandika jina la Papa kwa siri, nikalitumbukiza. Msomaji alipolitaja, Mama alisimama mbele ya kanisa zima akajibu kwa sauti ile ile ya zamani, "Yuko!" Watoto wa kwaya wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani aliketi kando ya mbabula, akipepea makaa.

"Mama, hujui kama Papa alikufa?"

"Nilijua siku niliona shati," akasema. "Kufa, alikufa. Lakini weye uliandika jina yake na kasirani. Mufu wa Mungu habamuandike na kasirani. Nilikuwa nakungojea weye, tumuandike pamoja."

Nilitoka nje nikamwacha pale. Siku zilipita, miezi ikapita, nami kila mara nikisema kesho nitamwomba msamaha. Masika yaliyofuata malaria ilimchukua Mama kwa siku tatu. Majuto ni mjukuu, nami nimeshampakata.

Kwenye kilio alikuja msichana wa kijijini kwetu. Alikuwa anataka kufunga ndoa, na padri alimfungulia kitabu cha Papa, kilichohifadhiwa parokiani, kutafuta ubatizo wake. Humo alikuta jina la mama yake na la baba yake, wote waliouawa vitani. Nyumba iliungua, picha ziliungua, hakuna kingine kilichobaki chao. Aliniambia alibusu ukurasa ule. Nililia siku hiyo, na nusu ya machozi ilikuwa ya Papa.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika niliandika majina matatu, taratibu, mwandiko wangu ukifuata wake. Msomaji alitaja la mdogo wangu, kisha la Papa. Kwa mazoea ya kijijini nikangoja sauti kutoka benchi la mwisho.

Nikasimama.

"Yuko," nikasema.

Watoto wa kwaya wakacheka. Sikuketi, la Mama lilikuwa linafuata.