Mwaka Aliokuwa Mwembamba

Saltpond, mji wa pwani ya Ghana, mwanamke akikonda watu humtazama mumewe. Ekua Bentsiwa alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana nasema alikuwa jasiri.

Alipika kenke miaka ishirini na sita: unga wa mahindi uliochacha, akiusonga amesimama mbele ya sufuria kubwa, kisha akifunga madonge kwa majani makavu ya mgomba. Alikuwa mnene, na unene ule ndio uliomtangazia biashara. Nilipopanga chumba uani kwake alikuwa na miaka hamsini na mbili, na mwaka mmoja wa ugonjwa wa sukari.

Daktari wa kliniki, binti mdogo kuliko watoto wake, alimwambia kwamba ugonjwa ukiwa bado mchanga, mtu akipungua sana, sukari huweza kushuka ikakaa sawa hata bila vidonge. Si kwa wote, lakini hutokea.

"Kilo ngapi?" Ekua akauliza, kama anayenunua mahindi.

"Kumi na tano, mama."

"Nitakuletea kumi na nane."

Akazileta. Kenke akawa anauza tu, bila kuila. Alikula majani ya magimbi, samaki, na kipande cha ndizi mbichi ya kuchemsha. Kila alasiri alitembea hadi barabara kuu na kurudi, majirani wakimwuliza amepoteza nini. Baada ya miezi kumi daktari akaondoa kidonge cha mwisho.

"Basi nimepona."

"Hujapona, mama. Sukari imelala. Ukizirudisha kilo, itaamka. Uje kila miezi mitatu."

Alirudi nyumbani akicheza ngoma bila ngoma.

Kisha mjomba wake akafa, na dada yake mkubwa, Aba Mansa, akaja kutoka Takoradi na vitambaa vya msiba vya ukoo. Alisimama langoni, mkono kinywani.

"Kojo! Umemfanya nini mdogo wangu?"

Kojo Ansa, mumewe, dereva mstaafu, akacheka. "Mimi? Yeye ndiye anayenificha kenke, shemeji."

"Usinichekee! Amekuwa kama mchi wa kutwangia fufu."

"Dada, nimeshusha sukari," Ekua akasema. "Simezi hata kidonge kimoja."

"Kama umepona, kula. Kama hujapona, meza dawa. Mtu hakai mlangoni, si ndani si nje."

Mlangoni ndiko hasa daktari alikokuwa amemweka.

Msibani kitambaa kilimning'inia kama kimeanikwa. Wanawake walinong'ona habari za ugonjwa ule usiotajwa, na Aba Mansa akampeleka mdogo wake mstari wa nyuma. Hilo Ekua alilistahimili. Asilolistahimili ni lile lililompata Kojo. Kojo aliacha kwenda kucheza bao la dama, maana wenzake walikuwa wakimwuliza kama pesa ya uzeeni anaila peke yake. Mchana mmoja alitwanga fufu mwenyewe, mihogo na ndizi za kuchemsha ndani ya kinu, mzee wa watu, akapika mchuzi wa mawese, akamwekea mkewe.

"Kula kidogo tu, Ekua wangu. Wananiona mchawi."

Ekua akanawa mikono. Kisha akala, akalamba mpaka bakuli, na Kojo akafurahi. Aliniambia baadaye kwamba ile furaha ndiyo asiyoweza kujisamehe.

Kilo zilirudi kwa mwaka na nusu. Wateja walisifu: sasa ndiye Ekua wetu! Kliniki aliacha kwenda. "Niende kumwonyesha nini yule mtoto?"

Sukari iliamka kimyakimya. Asubuhi moja kaa la moto liliingia kati ya ndala na unyayo uliokufa ganzi, naye akaendelea kusonga. Mteja ndiye aliyesikia harufu. Kidonda kilikataa kufunga. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Hospitalini alimwuliza daktari yuleyule, "Nikipungua tena, italala?"

"Inaweza, mama. Lakini mguu…"

"Mguu najua. Nauliza sukari."

Siku ile aliacha nusu ya uji. Alikuwa ameanza tena kazi yake ya kupungua. Wiki ya tano sumu ya kidonda cha mkato ikaingia katika damu, akafa.

Huko maiti ni ya ukoo wa mama. Mume huleta mchango wake, akakaa, akasikiliza. Ukoo ulikutana kuchagua picha ya bango la mazishi. Aba Mansa, macho yamevimba kwa kilio, alileta moja ya zamani: Ekua amejaa kiti cha dhahabu cha harusi ya mtu. Kojo akatoa nyingine mfukoni: Ekua kwenye lango la kliniki, mifupa ya shingo imetokeza, anacheka mpaka jino la mwisho.

"Wekeni hii."

"Hiyo? Unataka waseme alikufa kwa njaa?"

"Hapa alikuwa mzima."

"Hapo alikuwa anaumwa, shemeji. Kila mtu aliona."

"Hapa ndipo alipokuwa mzima," Kojo akarudia, sasa kwa sauti ndogo, akiinua picha ili hata walioketi nyuma waione.

Mkuu wa ukoo akakohoa, akapokea picha ya Aba Mansa. Kojo akarudisha yake mfukoni, akaomba ruhusa aende akapange viti vya wageni.