Paa la Ibra Nililopanda Bila Hodi

Nilisafiri kwenda Oman kwa sababu ya ukuta. Bi Zuwena, mama mdogo wa mama yangu, alikuwa akiishi Ibra katika nyumba ya udongo iliyojengwa na babu yake, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kutoka tumbo. Mwanawe, Mjomba Nassor, alikwisha kumwambia waziwazi: mvua za baridi zikifika na ukuta haujaegemezwa, atahamia nyumba mpya ya saruji nje ya mji, apende asipende. Bibi akaniletea ujumbe wa sauti hapa Unguja. "Wewe umesomea majumba, mjukuu wangu. Njoo uwaonyeshe namna ya kuutengeneza. Mimi hapa sitaki kuondoka."

Nilikwenda kwa furaha na, nakiri, kwa majivuno. Chuoni ninafundisha historia ya ujenzi, na somo nilipendalo ni lile la Zama za Mwangaza na mapinduzi ya viwanda: namna miji ya Ulaya ilivyobomoa vichochoro, ikachora barabara zilizonyooka na kufungua viwanja ili hewa na nuru vipite, kisha viwanda vikaja, wafanyakazi wakasongamana katika nyumba zilizopeana migongo, zisizo na dirisha la nyuma, mpaka kipindupindu kikawalazimisha wakubwa kuchimba mifereji ya maji machafu. Nilikuwa nimeipokea historia hiyo kama hukumu: kinachoonekana ni chema, kilichofichika kina maradhi.

Nizwa, asubuhi ya kwanza. Mjomba Nassor alinipokea uwanja wa ndege wa Maskati, tukaenda moja kwa moja Nizwa, anakofanya kazi serikalini. Tulipanda mnara mkubwa wa mviringo wa ngome, tukaitazama mitende na mji wote chini yetu. Nikamweleza habari za jela iliyochorwa Ulaya katika zama zile, ya duara kama mnara huu, ambamo mlinzi mmoja akikaa katikati angeweza kumwona kila mfungwa, na mfungwa asijue ni lini anatazamwa.

"Na faida yake?" aliuliza.

"Waliamini mtu akijua kwamba huenda anaonekana, atatengenea mwenyewe."

"Wallahi basi mke wangu ni mwanafalsafa," alisema, akacheka mpaka akashika ukingo. "Mnara huu ni wa mizinga, mwanangu. Haukujengwa kuchungulia watu."

Nilicheka naye. Sikuyatia maneno yake moyoni.

Sinaw, Alhamisi, kabla jua halijapanda. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Mabedui walizungusha mbuzi na ngamia, wanunuzi wakipaza sauti katikati ya vumbi, na hapakuwa na mstari wowote ulionyooka. Hata hivyo hakuna aliyegongana na mwenziwe. Mimi katika daftari langu niliandika neno moja: msongamano.

Ibra, baada ya Alasiri. Tuliliacha gari nje ya lango la mtaa wa kale, tukapita katika vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Karibu kila mlango ulikuwa na kufuli, maana wengi wamehamia majumba mapya. Nilibisha hodi mara tatu, kama nilivyolelewa.

"Karibu, karibu! Mbona umekonda? Unguja hakuna wali siku hizi?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ingia, kahawa inapoa."

Alinionyesha dari la boriti za mikoko zilizotoka pwani yetu. Nyumba ile, alisema, ilijengwa enzi ambazo nguo ya merikani iliyofumwa katika viwanda vya ng'ambo iliuzwa Unguja, na pembe za ndovu zikarudi huko. Nilimuuliza ni nani waliozibeba boriti hadi merikebuni.

"Walibebeshwa," alisema. "Ukiandika, usiandike walibeba."

Kisha akanieleza shida yake. Ukuta mbovu ulitazama ua wa jirani, Bi Thureya, mzaliwa wa Pemba, na mafundi wasingeweza kuujengea nguzo ya kuuegemeza ila kwa kusimama ndani ya ua huo. Bi Thureya alikwisha kukubali. Nilifurahi kusikia hivyo, wala sikuuliza jirani huyo anakaa wapi. Kwa kuwa niliona kufuli nyingi, nilidhani naye amehama.

Kesho yake asubuhi nilipanda paani peke yangu, nikapima unene wa ukuta, nikapiga picha ua ule na mapaa ya jirani. Picha moja nikaituma kwenye kundi la simu la wanafunzi wangu, na chini yake nikaandika: "Mtaa uliokufa, Ibra. Nyumba mgongo kwa mgongo, bila dirisha. Hivi ndivyo ilivyokuwa miji ya viwanda kabla nuru haijaingia."

Familia zetu zina ndugu pande zote mbili za bahari. Mwanafunzi mmoja alimpelekea shangazi yake, shangazi akampelekea mwenziwe, na kabla ya Adhuhuri picha ilikuwa Sur, katika simu ya Khalfan, mtoto wa Bi Thureya. Pembeni mwa picha, pale nilipodhani ni rundo la nguo, alikuwa ameketi mama yake, kichwa wazi, nywele zimepakwa hina.

Mjomba Nassor aliingia na simu mkononi. "Ulipopanda, uliita Ya Satir?"

"Nilibisha hodi jana, Mjomba. Mlangoni."

"Mlangoni kwetu! Ukipanda kule juu, umeingia kwa Bi Thureya. Anayepanda paa huita kwanza jina la Mwenye kusitiri, akangoja wanawake waingie ndani. Fundi huita. Hata baba yangu, aliyeishi humu, alikuwa akiita."

Bi Zuwena hakunigombeza. Aliinamia birika lake, akasema kwa sauti ndogo, "Yule hakutoka uani kwake bila shela maisha yake yote."

Jioni ile Khalfan alifika akamchukua mama yake. Mlango wa Bi Thureya ulifungwa, na mafundi tuliowatarajia kesho yake wakaambiwa wasije. Niliifuta picha, nikawaandikia wanafunzi kukiri kosa langu, lakini picha iliyokwisha tumwa hairudi yote. Nilikuwa nimefundisha habari za jela ya duara miaka miwili, na sikuwahi kujiuliza mlinzi wake alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa kijana mwenye nia njema na simu mkononi.

Sur, siku ya tatu baada ya picha. Mjomba aliendesha gari bila neno. Nilikuwa nimetayarisha matusi yote ambayo Khalfan angeweza kunitukana na majibu ya unyenyekevu kwa kila moja. Hakunitukana. Alitukaribisha, akaleta tende, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akauliza habari za safari.

Bi Thureya aliingia akiwa amejifunika vizuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiwe mpiga picha?"

"Ndimi."

"Hina ilionekana kushika?"

Mjomba Nassor alijifanya anakohoa. Mimi nilitazama zulia, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe. Wewe mtoto, tena mtoto wa Unguja. Nyinyi hamna adabu ya paa, kwenu mabati matupu, nani atapanda?" Akatoa ufunguo kifuani akampa Mjomba. "Huu kwa ajili ya Zuwena. Mafundi waingie, khalas, yamekwisha."

"Na wewe, Bibi, utarudi lini?" nilimuuliza.

"Sirudi, mwanangu. Mchana nilikuwa nalala pale uani, natazama mbingu. Sasa nikitazama juu, nitakuwa namtafuta mtu."

Khalfan alinijazia kikombe tena.

Ibra, siku ya mafundi. Walileta udongo uliochanganywa na mabua. Fundi mkuu, mzee wa pale pale, aliweka mguu kwenye ngazi, akaita "Ya Satir!" kuelekea ua aliojua ni mtupu, akangoja, ndipo akapanda. Mimi nilibaki kichochoroni nikiwapokeza ndoo. Baada ya siku sita nguzo ilikamilika, na Mjomba akaahidi mbele yangu kwamba mama yake hatahamishwa.

Unguja, mwezi wa pili tangu nirudi. Darasani bado nasema kwamba mifereji na hewa safi viliokoa maisha, maana ni kweli. Lakini sasa nawauliza wanafunzi: mtaa ulipofunguliwa ili uonekane, ni nani aliyeombwa ruhusa? Nawaeleza pia nilichokifanya, bila kuwaonyesha picha.

Juzi Mjomba Nassor alinipigia. Mvua kubwa imenyesha Ibra na ukuta haukutikisika. Mama yake amehamia nyumba ya saruji.

"Si uliahidi, Mjomba?"

"Hakuna aliyemhamisha. Ameomba mwenyewe. Kila asubuhi walikuwa wakiulizana hali na Thureya kupitia ukuta ule, huyu upande huu, huyu upande ule. Anasema ukuta sasa haumjibu."

Nilikuwa nimeupima unene wake mpaka sentimita ya mwisho. Sikuwa nimeuliza ulisimama baina ya nani na nani.