Bomba la Moshi Lililotukimbiza Migombani

Sifa kwa Mungu, aliyempulizia mtu pumzi puani kwanza, ndipo mtu akasimama na kutembea. Yeye alituvusha miaka ya vita tukiwa hai, wengine wetu tukiwa na makovu, wengine tukiwa na vilio ambavyo havijakauka. Namshukuru asubuhi na jioni. Lakini shukrani haizuii hasira ya haki, na jambo ninaloliandika hapa bado linanichoma.

Watu wenye magari na pikipiki huniuliza, hapa Bihambwe, kwenye milima ya Masisi, kama ni kweli kwamba ukitoa silansie, lile tumbo la chuma linalonyamazisha moshi, na ukaondoa kasha la chujio la hewa, injini inapata nguvu. Wananiuliza huku wanacheka, kwa sababu wanajua nitakasirika. Mimi si fundi. Ni mkulima wa maharage na katekista wa kanisa dogo la kilimani. Ila swali hilo lilijibiwa mbele ya macho yangu, na jibu lilikaribia kumwua binti yangu.

Mdogo wangu na mimi tulikuwa na gari moja la mizigo, la zamani, la petroli, lenye injini kubwa ya silinda sita. Mimi nililima, yeye aliendesha. Alishusha maharage na viazi vya milimani hadi kule msituni Walikale, akapandisha mawese na chumvi. Wakati ule barabara ilikuwa na wenyewe wengi. Leo kundi hili, kesho kundi lile, kila moja na bunduki zake na kamba yake iliyotandazwa njiani. Kwa hiyo tulijifunza kuishi kwa masikio. Mtu wa mjini hawezi kuelewa jambo hili. Mwanamke akiwa shambani alijua kwa mlio gari gani linapanda, kabla vumbi halijaonekana. Gari letu lilikuwa na sauti nzito ya chini, kama mzee anayekoroma baada ya kula. Likisikika kwenye kona ya mto, akina mama walibeba magunia na kutelemka barabarani. Likisikika gari geni, waliacha jembe pale pale na kuingia migombani. Hakuna aliyepiga kelele wala kuuliza. Masikio yalitosha.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza mtoto alikwama, akafa kabla hajaona jua, na mama mwenyewe tulimrudisha kwa maombi. Muuguzi alimwambia wazi kwamba asijaribu tena kuzalia nyumbani. Tukakubaliana na mdogo wangu: akirudi kutoka Mubi, kule msituni, apite moja kwa moja kwetu, ampeleke hospitali ya Masisi, akae karibu hadi siku yake ifike.

Kumbe huko Mubi mdogo wangu alikuwa ameingia darasa lingine. Fundi mmoja pale, mwenye duka la vipuri karibu na soko, alikuwa na televisheni iliyoonyesha kutwa nzima magari ya Amerika yenye vifua vipana, yanayonguruma na kuchoma matairi kwenye lami nyororo. Madereva walikaa mbele yake midomo wazi. Fundi aliwaambia kwamba siri ya magari yale ni pumzi: wazungu wa kiwanda waliziba injini pua na mkundu ili isiharibike upesi, na mtu mwenye akili huifungulia. Akatoa silansie yetu, akaunganisha bomba pana lililonyooka. Akatupa kasha la chujio, akaweka mahali pake kikofia kidogo cha waya, wazi pande zote. Mdogo wangu akafurahi kama bwana harusi.

Siku aliyorudi, uchungu ulikuwa umemwanza binti yangu tangu asubuhi, mapema kuliko tulivyotazamia. Tulikuwa tumeandaa kipoyi, machela yetu ya miti na matete, na wanaume wanne wenye mabega mazuri. Mke wangu alikuwa ameweka maji motoni. Tulikuwa tumenyamaza wote, tunasikiliza mkoromo wa gari letu.

Badala yake tukasikia kitu kinanguruma kule mtoni kama ardhi inapasuka. Kisha, lilipofika ile kona kali ya mto na dereva akatoa mguu kwenye mafuta, likapiga: pa! pa-pa! pa!

"Masasi!" mke wangu akasema, yaani risasi, kwa sauti ndogo tu.

Hakuna aliyengoja amri. Wabebaji walikamata kipoyi, binti yangu akiwa juu yake ameuma kitenge, na badala ya kutelemka barabarani tulipanda. Tulipita migomba, tukavuka mtaro, tukaingia mashamba ya juu ambako mtu wa kiatu kizito huchoka. Nyuma yetu kijiji kizima kilikuwa kinapanda vilevile, kuku kwapani, watoto mgongoni.

Mdogo wangu alisimulia baadaye alichokikuta. Milango wazi, sufuria inachemka, mbuzi peke yake. Akadhani tumekwisha kutelemka kwa njia nyingine. Akaita majina yetu. Nani angejibu? Miaka ile tuliwahi kuitwa kwa majina na watu ambao hawakuja kutusalimu. Ndipo akafanya upumbavu ambao mpaka leo siwezi kuusimulia nikiwa nimekaa. Akarudi garini, akakanyaga mafuta kwa nguvu zote, mara moja, mara mbili, ili tusikie kwamba ni yeye na kwamba gari limepata nguvu mpya! Likanguruma, likapasuka pa-pa-pa. Na sisi kule juu tukazidi kukimbia. Binti yangu akasema, "Papa, munishushe, mutoto iko njiani." Mama yake akamwambia, "Funga roho kidogo, mama. Kidogo tu." Nikaona machozi ya wanaume wanne wanaokimbia kwa mzigo ambao hawana pa kuupeleka.

Mungu akamkumbusha yule mpumbavu jambo moja. Mbele ya kanisa letu inaning'inia jante ya lori, ule mduara wa chuma wa gurudumu, ndiyo kengele yetu. Mimi ndiye ninayeipiga, na nina mapigo yangu: matatu ya polepole, kimya, kisha mawili, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilimfundisha mdogo wangu mapigo hayo tulipokuwa bado kwa baba yetu. Alizima injini, akakimbia kanisani, akapiga. Matatu. Kimya. Mawili.

Nilisimama. Nikasema, "Huyu ni wetu."

"Na kama bamemukamata, banamulazimisha?" mbebaji mmoja akauliza.

"Muntu aliyekamatwa hapigi polepole hivyo," nikamjibu. "Turudi."

Tulipomkuta amesimama kando ya gari, akitabasamu, mke wangu hakumsalimu. "Shemeji," akasema, "uliuza gari yetu, ukanunua bunduki?"

"Hapana, mama, ni bomba tu. Sasa iko na pumzi! Iko na nguvu ya kupita ya zamani."

"Basi peleka mutoto wangu na hiyo nguvu. Tutaiona."

Tukaiona. Nitasema kweli hata kama inamsaidia yule fundi: mahali palipo tambarare, kabla ya mlima, gari lilikimbia zaidi kidogo kuliko zamani. Injini ilipozunguka kwa kasi, hewa iliingia nyingi na moshi ulitoka bila kizuizi, na ukajisikia unasukumwa kwenye kiti. Kama Masisi ingekuwa lami ya televisheni, labda ningenyamaza. Lakini kwetu nani anaendesha injini kwa kasi ya juu? Sisi tunapanda. Tunapanda polepole, na mzigo, juu ya mawe, na nguvu tunayoitaka ni ile ya chini, ya punda. Hiyo ndiyo bomba pana lilikuwa limeiondoa. Kwenye mwinuko ambao gari lilizoea kuupanda kwa gia ya pili, likiwa na magunia na watu juu ya magunia, sasa lilikohoa kwa gia ya kwanza likiwa na mwanamke mmoja na wazazi wake na wale wabebaji wanne. Likazimika. Likawaka. Likazimika tena.

Tena kilikuwa kiangazi. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia katika kile kikofia cha waya njia nzima kutoka msituni, na moshi wa bluu ulitoka nyuma wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Mungu alipomwumba mtu alimpa pua, na ndani ya pua akaweka vinyweleo. Je, vinyweleo hivyo vinatunyima pumzi? Vinatunyima vumbi! Mtu atakayekwambia uving'oe ili upumue vizuri zaidi, mkimbie.

Wabebaji walishuka, wakasukuma. Mimi nilisukuma, na rozari yangu ikakatika kwenye bodi. Ndani binti yangu alikuwa ameacha kulia, na ukimya ule ulinitisha kuliko kishindo chote cha bomba. Tulifika hospitali ya Masisi jua likiwa bado juu. Wakamwingiza mbio. Mkunga alipotoka alifuta mikono na kusema mtoto ni wa kike, ni mzima, mama amepoteza damu lakini ataishi. Kisha akaniangalia: "Papa, mulikuwa wapi saa zote hizi?"

Niseme nini? Kwamba tulikuwa tunakimbia gari letu wenyewe?

Binti yangu alipopata nguvu na kurudi nyumbani, nilipanda gari na mdogo wangu hadi Mubi. Njia nzima hatukusikilizana kwa kelele ile. Fundi alikuwa mbele ya duka, amekalia kitu cha chuma alichokiwekea kimto. Nilikitambua. Ilikuwa silansie yetu.

"Papa katekista!" akasema. "Umekuja kunishukuru? Iko napumua ao haipumue?"

"Ondoka juu ya hicho kiti."

Nikamweleza yote, kwa utaratibu, kama ninavyofundisha wakatekumeni. Alisikiliza, kisha akacheka, akawageukia wenzake. "Bamama ya Masisi banaogopa sana! Kelele ya gari tu, njo banakimbia na mimba?"

Nilidhani mimi ndiye nitakayemjibu. Lakini mdogo wangu alimshika fundi kwenye ukosi, taratibu, akamwinua kutoka kwenye kile chuma. "Wale bamama," akamwambia, "beko wazima kwa sababu banaogopa. Ni mimi njo sikuogopa. Rudisha silansie. Na chujio pia, tafuta mahali ulipoitupa."

Kasha la chujio lilipatikana kwa jirani, kuku ametagia ndani. Fundi alifunga kila kitu. Pistoni zilikuwa zimekwisha kukwaruzwa na vumbi, na lile gari halikurudi kamwe kuwa lile la zamani. Lilikunywa mafuta ya injini hadi mwisho wa maisha yake. Lakini sauti ilirudi.

Tulipopanda kutoka mtoni, ule mkoromo mzito ukitangulia, niliwaona akina mama wanatelemka kutoka mashambani na magunia yao, wakati sisi bado tumefichwa na kona. Katikati yao alikuwa binti yangu, mtoto mgongoni, anatembea polepole kwa sababu ya mshono. Aliweka mkono juu ya bati la gari, likiwa bado linatetemeka, akamwambia baba yake mdogo: "Sasa umefika."

Wewe unayesoma, Mungu akulindie masikio yako na pumzi yako. Akupe nguvu ile ya kupanda mlima na mzigo, na wale wanaokungoja nyumbani wakutambue kwa mbali, watoke kukupokea bila hofu. Amina.