Jani Moja la Usambara

Jumatatu nilikuwa barazani pa ofisi moja hapa Bagamoyo, nangojea kibali changu. Mbele ya karani alisimama mtunza bustani, Msambaa mtu mzima, kofia mkononi.

"Mzee, umeiba?"

"Nimechuma jani moja, bwana karani."

Jani lilikuwa mezani, nene, lenye vinyweleo, kikonyo kimefungwa pamba iliyoloweshwa maji. Lilitoka kwenye vyungu vya maua ya zambarau vya bibi wa Kizungu, mke wa mkubwa wa ofisi, vilivyojaa baraza ile. Vyote alivizalisha mzee huyu, kwa kuchomeka jani moja moja mchangani.

"Maua haya yametoka Ulaya, kwa meli," akasema yule bibi, aliyekaa kando ya karani.

"Kwetu Usambara yanaota majabalini, mbuzi wanayapita," mzee akajibu taratibu. "Mama watoto amekumbuka kwao. Nilitaka ayaone."

Karani akaandika kwamba mzee ni mwizi na kazi hana tena. Mzee alipogeuka aende zake, bibi akamwita, akamwonyesha kijana mmoja aliyesimama kando.

"Kwanza mfundishe huyu atakayeshika kazi yako."

Akamfundisha. Alilichukua jani lilelile, akalichomeka mchangani, akalishindilia kwa kidole gumba. Mimi nilipewa kibali changu, nikasema ahsante. Jani lile litazaa, na hakuna karani atakayeuliza mmea mama yake uliibwa wapi.