Siku Bwana Tufani Alipoishiwa Maneno

Bwana Tufani hakuwahi kuipenda bahari, na mwenyewe husema bahari nayo haikuficha kwamba haimtaki. Alipanda boti mara moja tu, siku ya kukaribishwa kazini, akatapika kabla kamba haijafunguliwa gatini. Ndiyo maana wakampandisha ghorofa ya tatu ya ofisi ya bandari, kwenye chumba chenye meza moja, feni inayolia kama imesingiziwa, na redio ya kuzungumza na vyombo vilivyoko mbali. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi ya hali ya hewa, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Basi.

Tatizo lilikuwa sauti. Alijaliwa sauti nzito, na tangu mwalimu wa darasa la nne amsifie kwa kusoma mbele ya wenzake, kichwa kilivimba na hakikuwahi kunywea. Karatasi ikisema manyunyu, yeye alisoma "mbingu zitafungua mifereji yake". Upepo wa kawaida aliuita upepo wenye kisirani. Miaka kumi na moja alitia chumvi, hadi manahodha wakawa wanaongeza sauti ya redio wakati wa kula ili wapate kucheka. Jina la Bwana Tufani walimpa wao. Alilipokea kama nishani, na alipokuja kugundua kwamba anachekwa, alikuwa ameshaliandikisha kwenye kikombe chake cha chai.

Siku hiyo karatasi ya saa nane ilikuja mapema, saa saba na robo, na haikuhitaji chumvi. Radi kali zilikuwa zinakuja kutoka bahari kuu, na meli moja ilikuwa imeshaona visulisuli viwili, zile nguzo za upepo zinazoteremka toka wingu jeusi hadi majini na kupindua chochote zinachokigusa. Vyombo vyote virudi. Kwenye orodha ya vyombo vilivyotoka, cha nne kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa mkewe, chenye watu watano.

"Enyi wana wa maji," alianza, maana ulimi ulishazoea, "mbingu leo zimekunja uso..."

Kicheko kikajaa redioni. "Shem," shemeji yake akasema huku anatafuna, "hiyo ya kukunja uso ulitupa wiki iliyopita. Hata taulo halikulowa."

"Safari hii ni kweli, shem."

"Wiki iliyopita pia ulisema ni kweli."

Bwana Tufani akatafuta neno zito zaidi, akakuta ameshayamaliza yote kwenye manyunyu. Gharika, kiama, ghadhabu, yote. Redio ikakwaruza kwa radi. Akamwaza mkewe amesimama mlangoni jioni, akiuliza mdogo wangu yuko wapi. Ile sauti ya kusifiwa ikamtoroka, ikabaki sauti ndogo ya mtu anayeomba.

"Geuza boti, shem. Tafadhali. Watu wakae ndani, wasiguse chuma. Mkiona kisulisuli msishindane nacho, kipisheni kwa pembeni. Tafadhali tu."

"Umesema tafadhali?"

Alikuwa analia, na hakujali nani anamsikia. Kilichofuata ni mngurumo wa injini ikigeuza boti, kisha nahodha mwingine akasema anarudi, na mwingine.

Vyombo vyote tisa vilirudi. Cha shemeji kilikuwa cha mwisho, paa limeng'oka. Shemeji alipanda ngazi akichuruzika maji, akamkumbatia mpaka wote wawili wakalowa.

"Kisulisuli kilipita pale pale tulipokuwa tunakula," alisema. "Radi hatukuiogopa, shem. Tuliogopa wewe kuishiwa maneno."

Kesho yake, akiwa amemwapia mkewe kwamba hatatia chumvi tena maishani, alisoma kilichoandikwa: "Upepo hafifu. Bahari shwari. Mwisho." Akaenda dirishani kwa fahari kuangalia boti zikiondoka. Hakuna iliyoondoka. Manahodha walikuwa wamesimama gatini, wamekodolea macho dirisha lake. Simu ikalia.

"Shem, tuambie ukweli. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Ni shwari."

"Mbona umesoma hivyo?"

Bwana Tufani akakitazama kikombe chake, akashusha pumzi, akarudi kwenye redio.

"Enyi wana wa maji," alinguruma, "bahari leo imelala chali kama mtoto aliyeshiba..."

Kule chini mtu alicheka, na injini ya kwanza ikawaka.