Nilivyoshindana na Vénérande kwa Sala

Miaka tisa nimekuwa kiongozi wa liturujia wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, hapa Nsemulwa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kulia nikisali. Watu huinamisha vichwa, hujibu "Ee Bwana, utusikie", wawili watatu husinzia, tunamaliza, tunakunywa chai. Mimi nilijua ndivyo sala inavyokwenda. Kisha akahamia Vénérande.

Alitoka Katumba, mjane wa miaka hamsini na kitu, wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi. Akapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mzee Anicet, mwenyekiti wetu. Kazi yake kusuka vikapu. Wanawe wameshaoa, mume yuko kaburini, nyumba yake ina utulivu mpaka unasikia kikapu kikisukwa. Naitaja hali hiyo makusudi, ili mnielewe. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri. Nina watoto wanne, na hakuna asubuhi ambayo soksi mbili za mtoto mmoja zimewahi kuonekana kwa pamoja. Nina mume, Gelasius, fundi cherehani wa Kashaulili, asiyekula chakula kilichopoa. Nina meza yangu sokoni, nauza mchele wa kwetu Mpimbwe, ninaupepeta na kuuchambua mawe mwenyewe. Alhamisi ikifika saa kumi jioni, nakimbilia jumuiya na pumba bado ziko kwenye nywele. Mtu wa namna hiyo akisema "tuombee amani duniani", amejitahidi.

Alhamisi ya kwanza Vénérande aliombwa aongeze nia ya kuombea. Akafumba macho, akaanza kuongea na Mungu kama anayeongea na jirani juu ya uzio. Akasema, "Baba, leo kule Sudani kuna mama anatafuta maji, na sisi huku tumechota bombani tukagombania foleni. Mwangalie yule mama." Akaendelea hivyo hivyo, polepole. Mama Scola, ambaye alimzika mama mkwe wake kwa macho makavu, akatoa upindo wa kanga akajifuta. Roho iliniuma. Chai niliyokunywa siku ile sijui kama ilikuwa na sukari.

Mvua zilipoanza, ikawa mazoea. "Leo nia asome Vénérande," watu wanasema, hata hawanitazami. Mzee Anicet akaniambia kwa upole, "Mama Bene, wewe una shughuli nyingi za soko, mwachie mwenzako apokee." Mwachie! Na uchaguzi wa viongozi wa jumuiya unakuja mwezi wa sita. Mama Scola akapita mezani kwangu, akasema yule mama ana karama. Nikamuuliza, "Na mimi nina nini?" Akafikiri kidogo. "Wewe una sauti," akasema, akaenda zake.

Nilimwonea wivu, sifichi. Nilimwonea wivu kwa utulivu wake, kwa muda wake, kwa machozi ya watu ambayo yalipaswa kuwa yangu. Nikaona siri yake ni moja tu: anajua habari za dunia. Basi nikachukua redio ya Gelasius, nikaiweka mezani katikati ya madebe ya mchele. Mimi ambaye zamani taarifa ya habari ikianza nilihamia stesheni ya kwaya, sasa mteja akiuliza kitu namnyamazisha kwa kidole. Nikaandika nyuma ya daftari la shule la binti yangu Mercy: Ukraine, Gaza, Sudani, Kongo, mafuriko hapa, tetemeko pale. Gelasius alipoliona lile daftari alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Kwani unagombea jumuiya au Umoja wa Mataifa?"

Alhamisi ile nikasoma nchi saba. Watu wakajibu mara saba, vizuri tu. Kisha Vénérande akasema sentensi tatu, na Mama Scola akatafuta tena upindo wa kanga.

Ikabaki Alhamisi moja kabla ya uchaguzi, na zamu ya kupokea jumuiya ilikuwa yangu. Nilikuwa jikoni nageuza chapati za mwisho, redio iko dirishani. Mtangazaji akasema kuna kijiji upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kinaitwa Luhembe, kimevamiwa alfajiri ya leo na watu wengi wameuawa. Mzee Anicet alikuwa anavua viatu mlangoni. Niliruka nikaizima redio asije akasikia. Nilitaka habari ile itoke kinywani kwangu, ikiwa bado moto. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi.

Baada ya Injili nikasimama. Sauti nilikuwa nimeifanyia mazoezi, ile ya chini, ya polepole. "Baba, leo alfajiri kule Luhembe, ng'ambo ya ziwa, wapo watu waliolala wakiwa hai na hawakuiona asubuhi." Nikanyamaza kidogo, kama anavyofanya yeye. Nikafungua jicho moja nione nani analia.

Vénérande alikuwa ananitazama.

"Luhembe, Mama Bene? Umesema Luhembe?"

"Ndiyo, mama."

"Upande gani? Wa kanisani, au kule chini ziwani?"

"Sijui."

"Wamesema waliokimbia wameelekea wapi?"

"Sijui, mama. Niliizima redio."

Hakunilaumu. Alitoa simu kwenye kikapu, akapiga. Sote tulisikia yule dada wa kwenye simu akisema namba haipatikani. Akapiga tena, dada yule yule. Akaiweka simu mapajani, akaishika kwa mikono miwili.

Mzee Anicet akasema tuahirishe, nyie mlio karibu naye mpeni maji. Vénérande akatikisa kichwa.

"Sali, Mama Bene. Mimi leo siwezi. Mdogo wangu alioa kule, yuko na mke wake na watoto. Nilimlea mgongoni mwangu yule. Sali wewe, ndiwe kiongozi."

Nafasi niliyoihangaikia miezi yote hiyo alinipa mwenyewe, mbele ya watu wote. Nikatafuta maneno. Nilikuwa na nchi saba kichwani na hakuna hata moja iliyonisaidia. Nikaona angalau nipate jina, nianzie hapo.

"Mdogo wako anaitwa nani?" nikamuuliza.

Hakupata nafasi ya kujibu. Waliojibu ni wengine, Mzee Anicet, Mama Scola, jumuiya nzima kwa sauti moja, hata Gelasius wangu anayekuja kusali mara moja kwa mwezi.

"Libérat."

Wote walimjua. Vénérande alikuwa akimtaja kila Alhamisi, mwishoni mwa sala yake, na mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni yake nikiangalia nani analia.